Mtoto mdogo ana ADHD na daktari kataja dawa: namna ya kuamua bila kukurupuka

Hii naandika kwa wazazi ambao mmeshatoka kwa daktari, ADHD imeshatajwa, yaani ile hali ya mtoto kushindwa kutulia, kujizuia na kubaki kwenye jambo moja kupita wenzake wa rika lake, alafu daktari akaongezea kwamba kuna dawa mnaweza kuifikiria, na sasa mko nyumbani mmoja anasema aanze hata kesho maana watu tumechoka, mwingine anasema mtoto wa miaka mitano hawezi kupewa dawa za akili, na bibi yake akisikia ndo kabisa. Wote mna hoja za maana. Shida ni kwamba swali la "tumpe au tusimpe" likibaki hivohivo zima halina jibu, mtalizungusha mwaka mzima. Livunjeni vipande: mtoto ana umri gani, tuna uhakika kiasi gani kwamba ni ADHD kweli, tumeshajaribu nini kabla, ni kitu gani hasa kinaharibika kwenye maisha yake sasa hivi, na nani atamfuatilia akianza. Hayo yanajibika.

Na kitu kimoja ukishike toka mwanzo, dawa ya ADHD inaanzwa kwa kujaribu. Unaanza, unaangalia, ikisaidia unaendelea, isiposaidia au ikimletea shida unaacha. Hakuna aliyekufungisha ndoa nayo. Mimi ni mzazi, sio daktari, mwanangu anatumia dawa na kabla hajaanza tulipitia haya yote ninayoyasema hapa, kwa hiyo chukua hii ikusaidie kuongea na daktari wako vizuri, isiwe badala yake.

Umri kwanza, maana majibu yanabadilika kabisa

Mtoto ambaye hajafika miaka 4, dawa weka pembeni. Hata kusema kwa uhakika ana ADHD kwenye umri huo ni kazi ngumu, mtoto wa miaka 3 shughuli yake ndo hiyo, kukimbia, kuparamia vitu, kuacha mchezo nusu na kurukia mwingine.

Kuanzia miaka 4 mpaka kabla hajatimiza 6, mwongozo wa mwaka 2019 wa AAP, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, unasema cha kwanza ni mafunzo ya wazazi ya namna ya kumudu tabia za mtoto, na mwalimu nae atumie mbinu za aina hiyo darasani kama mtoto anasoma. Dawa inakuja baadae, kama hayo yamefanyika kweli na mtoto bado ana shida ya kiwango cha kati au kikubwa, na dawa yenyewe ni methilifenideti (Ritalin). Uingereza wako wakali zaidi, mwongozo wa 2018 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, unasema mtoto wa chini ya miaka 5 asianzishiwe dawa mpaka daktari bingwa wa pili mwenye uzoefu wa ADHD kwa watoto wadogo nae atoe maoni yake. Akishafika miaka 6 AAP wanabadilisha lugha, hapo wanapendekeza dawa iende pamoja na mafunzo ya tabia. Kwa hiyo ukisoma stori ya mzazi ambaye mwanae wa miaka 9 amebadilika kabisa baada ya dawa, furahi nae, ila usiichukue kama ilivyo ukamwekea wa kwako mwenye miaka 4.

Kwa nini umri uangaliwe hivi? Kuna utafiti wa Marekani unaitwa PATS, matokeo yake yalitoka 2006, ulichukua watoto 303 wa miaka 3 mpaka 5 na nusu, tena wenye ADHD kali sio ya kubahatisha. Kabla ya dawa wazazi walipitishwa kwanza kwenye mafunzo ya wiki 10, na wapo ambao baada ya hayo mafunzo waliona inatosha hawakuendelea na dawa. Walioendelea, dawa iliwasaidia kweli, ila nafuu ilikuwa ndogo kuliko ile inayoonekana kwa watoto wa shule ya msingi, na kama mmoja kati ya kila kumi aliacha kwa sababu ya madhara. Wadogo hawa walionyesha zaidi kulialia na hasira za karibu, usingizi kusumbua na chakula kuwashinda, na urefu na uzito vilienda polepole kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo inafanya kazi, ila kwa mtoto mdogo faida inapungua na gharama inapanda, na ndo maana wanakwambia jaribu kingine kwanza.

Kitu kimoja cha kuwa nacho makini, ukisoma karatasi za dawa utakuta baadhi ya amfetamini, kundi jingine la dawa za ADHD, zimeandikwa kuanzia miaka 3 wakati methilifenideti imeandikwa kuanzia 6, unaweza kudhani basi amfetamini ndo laini kwa wadogo. Sio hivo. Kibali kile cha FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ni cha miaka mingi nyuma wakati masharti hayakuwa makali kama sasa, na yenye utafiti zaidi kwa watoto wadogo ni methilifenideti. Na mwaka 2025 FDA hao hao waliagiza dawa za kuchangamsha ubongo (methilifenideti na amfetamini ziko humo) zile zinazokaa muda mrefu mwilini ziandikwe onyo zaidi kuhusu kupungua uzito kwa watoto wa chini ya miaka 6.

Mna uhakika ni ADHD?

Daktari makini hasemi ADHD kwa kumwangalia mtoto akirukaruka ofisini dakika kumi. Dalili zinatakiwa ziwe zimedumu angalau miezi 6, zionekane sehemu mbili au zaidi, zizidi zile za watoto wa rika lake, na ziwe zinamharibia kitu. Kama shuleni ni moto na nyumbani ametulia, au kinyume chake, kachunguzeni kwanza kuna nini huko kunakowaka. Kwa watoto wa miaka 6 mpaka 12 kuna fomu inaitwa Vanderbilt inatumika sana, moja inajazwa na mzazi nyingine na mwalimu, na kama mwalimu hajaulizwa chochote mimi nisingekubali dawa, hata daktari awe na jina kubwa namna gani.

Angalia na mwezi aliozaliwa. Mwaka 2018 ulitoka utafiti Marekani uliolinganisha watoto kwenye majimbo ambayo mtoto anatakiwa awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 ili aanze shule. Wa Agosti wanaingia wakiwa wadogo kuliko wote darasani, wa Septemba wanasubiri mwaka mwingine wanaingia wakiwa wakubwa kuliko wote. Sasa wale wa Agosti walikutwa na ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya wale wa Septemba. Ugonjwa hauchagui mwezi jamani, maana yake wapo watoto wanaoonekana wana shida kwa sababu tu wanalinganishwa na wenzao waliowazidi karibu mwaka mzima. Mtoto wako kama ndo mdogo wa darasa mwambie daktari hilo wazi, usisubiri aulize.

Alafu kuna vitu vinavyofanana na ADHD ambavyo dawa hii haitavitibu. Masikio, mtoto asiyesikia vizuri anaonekana mkaidi. Macho. Mtoto anayekoroma usiku kila siku na anahema kwa mdomo, huenda mafindofindo au nyama za puani zimemziba, halali usingizi wa kweli, na mtoto asiyelala hachoki kama mtu mzima, yeye anazidi kuruka. Upungufu wa damu na madini ya chuma. Kuna aina ya kifafa ambacho mtoto haanguki, anaganda tu sekunde chache macho yametoka kama hayupo, alafu anaendelea na alichokuwa anafanya, mwalimu anaandika "hayuko makini". Kuna usonji, kuna kuchelewa kujifunza, kuna mtoto mwenye hofu au aliyeona mambo mazito nyumbani, kufiwa, ugomvi, kupigwa. Na yanaweza kuwepo pamoja na ADHD, kwa hiyo kukuta moja hakufuti jingine, ila unataka uyajue yote kabla hujaanza dawa.

Mafunzo ya wazazi, hapa ndo wengi tunakasirika

Ukiambiwa nenda kafunzwe unasikia kama umeambiwa hujui kulea. Naelewa kabisa. Lakini ADHD kwa sehemu kubwa inarithiwa, hukuisababisha kwa kumdekeza wala kwa kumfokea. Ni kwamba mtoto huyu anahitaji kulelewa kwa namna iliyonyooka zaidi kuliko ndugu zake, wao walishika kwa kuambiwa tu, yeye hashiki hivo. Na tofauti na dawa, hii haiishi nguvu baada ya saa chache.

Nichukue kitu kimoja tu tukiangalie kwa karibu, kumwagiza. Asubuhi mnachelewa, wewe uko chumba kingine unapaza sauti "acha hicho, vaa viatu, chukua begi, nimesema mara ngapi". Hapo kuna maagizo matatu na lawama moja, na yeye kashika lawama tu. Sasa fanya hivi. Nenda alipo. Inama mpaka macho yenu yawe usawa mmoja, mguse bega, taja jina lake, subiri akuangalie. Sema "vaa viatu". Basi, nyamaza. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo bila kurudia, na hapa ndo pagumu maana mdomo unawasha. Akianza tu kusogea kuelekea kwenye viatu, hata hajavishika, mwambie "safi, umesikia mara moja". Viatu vikishaingia ndo unataja begi. Wiki ya kwanza utaona kama unapoteza muda, ya tatu unakuta asubuhi haina kelele kama zamani.

Mengine yanaenda kwa mtindo huohuo. Sifa itolewe papo hapo na itaje alichofanya, "umekaa mpaka umemaliza kula", sio "good boy" ya jumla. Dakika kumi kila siku za kucheza nae anachotaka yeye bila kumfundisha wala kumkosoa, na hizi zisifutwe hata siku aliyofanya fujo, hasa siku hiyo. Akilalamika au kudeka fanya kama huoni, ila akipiga mtu usinyamaze, kuna adhabu ndogo ya papo hapo na inayofanana kila siku, mfano mchezo unaondolewa kwa dakika chache. Adhabu ya "hutatoka wikiendi" kwa mtoto wa miaka 5 mwenye ADHD haina maana, wikiendi kwake iko mbali mno. Stika kwenye chati kwa jambo moja au mawili tu. Ratiba ya kulala isiyobadilika. Na viboko achana navyo kabisa, mtoto huyu ameshapigwa na dunia vya kutosha, na kipigo kinamfundisha kukuogopa na kupiga wenzake, hakimwongezei utulivu.

Kama hakuna kozi rasmi uliko, muulize daktari au mwanasaikolojia awape hata vikao vichache vya kuwaelekeza, na muhimu wote mnaomlea muende, sio mama peke yake alafu baba anarudi jioni anaharibu. Ipeni miezi miwili mpaka mitatu ya kufanya kweli. Mkijaribu siku nne mkaacha, hapo hamjajaribu.

Kuhusu sukari, watu wengi watakwambia mnyime sukari atatulia. Hilo lilipimwa, watoto wakapewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wao wala wazazi kujua kipi ni kipi, tabia haikutofautiana. Punguza sukari kwa ajili ya meno na uzito, sio kwa ajili ya ADHD.

Lini sasa useme dawa ijaribiwe

Hapa nitasema ninavyoona mimi. Kuchoka kwa mzazi peke yake hakutoshi, ingawa uchovu ni wa kweli na unahitaji msaada wake. Kelele za mwalimu peke yake nazo hazitoshi. Lakini kama mafunzo yamefanyika, sababu nyingine zimechunguzwa, na bado mtoto anachomoka mkono anakimbilia barabarani, anapanda juu anaanguka anaumia kila mara, ameshafukuzwa shule ya awali, anawaumiza watoto wenzake bila kukusudia mpaka hakuna anayetaka kucheza nae, au ameanza kusema mwenyewe "mimi ni mbaya", basi kuzidi kusubiri nako kuna madhara yake na watu huwa hawayahesabu. Tunahesabu madhara ya dawa tu. Mtoto anayeambiwa hapana, acha, toka, toka asubuhi mpaka jioni kwa miaka miwili anajijengea picha ya yeye ni nani, na picha hiyo haitoki kirahisi.

Kaeni chini wazazi wote wawili, andikeni mambo matatu tu mnayotaka yabadilike, na yawe yanahesabika. Sio "awe na adabu". Andikeni "akae mezani mpaka amalize kula", "asipige wenzake darasani", "ashike mkono tukivuka barabara". Mkishindwa kuandika hayo matatu, hamjawa tayari kwa dawa, kwa sababu hamtajua kama imefanya kazi.

Dawa zenyewe kwa ufupi

Hizi dawa sio za jana. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley kule Rhode Island, Marekani, aliandika kuhusu watoto waliotulia na kufanya vizuri darasani baada ya kupewa amfetamini, na methilifenideti, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ritalin, iko sokoni toka miaka ya 1950. Watu wanashangaa inakuwaje dawa ya kuchangamsha imtulize mtoto. Inaongeza dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zinazopatikana kwenye zile sehemu za ubongo zinazosaidia mtu kujizuia na kubaki kwenye jambo moja, kwa hiyo kinachochangamka ni uwezo wa kujizuia. Sio dawa ya usingizi, na mtoto akiwa analala au kazubaa baada ya kuitumia, hiyo ni dalili dozi imezidi au dawa haimfai.

Ya muda mfupi inaanza kazi ndani ya nusu saa mpaka saa moja, na inakaa kama saa 4. Ukimpa saa moja asubuhi, saa tano imekwisha. Ya muda mrefu inakaa saa 8 mpaka 12 kutegemea ni ipi. Kwa watoto wadogo madaktari wengi wanaanza na ya muda mfupi kwa dozi ndogo, na uzuri wake ni kwamba ikimkataa inatoka mwilini siku hiyohiyo. Zile za muda mrefu nyingi haziruhusiwi kusagwa wala kutafunwa, ukisaga unamwaga dozi ya siku nzima kwa mkupuo. Baadhi ya kapsuli zinafunguliwa ukanyunyiza kwenye kijiko cha chakula laini akameza bila kutafuna, ila sio zote, kwa hiyo kama mtoto hawezi kumeza kidonge sema mapema kabla daktari hajaandika.

Zipo ambazo sio za kuchangamsha. Atomoksetini inachukua wiki kadhaa mpaka ionyeshe kazi kamili, na ina onyo la kumfuatilia mtoto kwa mawazo ya kujiumiza. Guanfasini na klonidini zinaweza kumletea usingizi na kushusha presha, na hizi usiziache ghafla hata siku moja, presha inaweza kupanda kwa kasi. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 hizi zote zina ushahidi mdogo zaidi, kwa hiyo mkiandikiwa mojawapo kama ya kwanza ulizeni sababu.

Na ulizeni upatikanaji. Methilifenideti iko kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, kwa hiyo nchi nyingi cheti chake ni maalum na sio kila duka la dawa linayo, kwingine haipo kabisa. Usianze dawa ambayo mwezi ujao hujui utaipata wapi. Na nyumbani ifungiwe, watoto wengine wasiifikie.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Daktari apime urefu, uzito, presha na mapigo ya moyo, aandike. Hivi ndo utakavyolinganisha baadae. Mwambieni kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, kuumwa kifua, kuambiwa ana sauti isiyo ya kawaida kwenye moyo, au kama kwenye ukoo kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana bila sababu kujulikana. Hilo la ukoo piga simu uulize pande zote mbili, watu wanajua mambo hawayasemi mpaka waulizwe. Mtoto ambaye hana hayo kwa kawaida hahitaji ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mwenye nayo aonwe na daktari wa moyo kwanza. Sema pia kama kuna kifafa, kama anapepesa macho au kukohoakohoa bila kukusudia, na dawa zozote nyingine anazotumia, za kienyeji zikiwemo.

Alafu muulize daktari maneno haya: tunaanza na dozi gani na itapanda lini, tutajuaje imefanya kazi, tukiona nini tuache mara moja, tunarudi lini, na usiku tukikwama tunampigia nani. Daktari anayekuandikia na kusema rudi baada ya miezi 6, tafuta mwingine.

Mwezi wa kwanza

Anza siku ambayo wewe upo nae, wikiendi au likizo, usimpe dozi ya kwanza alafu umpakie kwenye gari la shule. Dozi inaanza chini na kupanda kidogokidogo, mara nyingi kila wiki, kwa maelekezo ya daktari, na wewe usipandishe mwenyewe hata kama unaona haina kitu.

Chukua daftari. Kila siku mistari minne tu: yale mambo matatu mliyoandika, kila moja unalipa alama kuanzia 0 mpaka 3, na mstari wa nne unaandika chakula, usingizi na hali yake ya jioni. Mwalimu nae aandike ya kwake kila mwisho wa wiki bila kuona ya kwenu. Ukikaa bila daftari utaamua kwa siku moja mbaya au siku moja nzuri, na kila mzazi anakumbuka ile inayounga mkono upande wake.

Chakula ndo kitasumbua zaidi. Mchana hatataka kula, usimlazimishe mpaka ikawa vita, mpe asubuhi vizuri kabla dawa haijaanza kazi, na jioni ikishaisha njaa inarudi, hapo mpe hata mara mbili. Usingizi ukisumbua mwambie daktari, mara nyingi ni suala la kubadilisha muda au aina. Kichwa na tumbo kuuma siku za mwanzo ni kawaida na kwa wengi kunapungua.

Jioni kuna kitu wazazi wengi hawaambiwi. Dawa inapotoka mwilini wapo watoto wanaopata kama saa nzima ya kulia, kukasirika, kila kitu kibaya. Kwa mwanangu ilikuwa soksi. Anakaa sakafuni analia kwamba soksi ina mshono unamsumbua vidole, unaitoa, analia kwa nini umeitoa, unamvisha nyingine, nayo ina mshono. Ukiliona hilo usidhani dawa imemharibu na usianze kumkaripia, angalia saa. Kama linatokea muda uleule kila siku ni dawa inaisha, mpe chakula, punguza kelele, usipange kazi za shule wakati huo, na mweleze daktari maana kuna namna ya kurekebisha.

Ila kama amekuwa mkimya mpaka sio yeye, hacheki, hachezi, anakaa tu, hata kama mwalimu anafurahi darasa limetulia, wewe usifurahi. Tunataka mtoto yuleyule mwenye vituko vyake, ila anayeweza kusubiri zamu yake. Akipoteza furaha dozi ishushwe au dawa ibadilishwe. Na ukiona amezimia, kifua kinauma, moyo unaenda mbio, anaona au kusikia vitu ambavyo havipo, au anaongelea kujiumiza, simamisha vidonge vya kuchangamsha na umwone daktari siku hiyohiyo, sio kusubiri kliniki ya mwezi.

Maneno ya watu

Utaambiwa unamfanya teja. Tafiti zilizofuatilia watoto waliotibiwa mpaka ukubwani hazijaonyesha kwamba kutibiwa kwa dawa hizi utotoni kunawaongezea uwezekano wa kutumia madawa ya kulevya. Utaambiwa zamani hakukuwa na ADHD, walikuwepo, waliitwa watukutu wakatolewa shule. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo huna deni la kumweleza kila mtu, waeleze wale tu watakaobaki na mtoto siku ambayo haupo.

Kama ni ninyi wawili hamkubaliani, msipeane dawa kwa siri. Nimeona ndoa zikiingia matatizo hapo. Kubalianeni kipimo badala ya kubishana dawa: tunafanya mafunzo mpaka tarehe fulani, mambo matatu yasipobadilika tunajaribu dawa kwa wiki nne, daftari likionyesha hakuna nafuu tunaacha. Anayepinga ndo awe mshika daftari, inasaidia sana.

Mtoto nae aambiwe kwa lugha yake. Usimwambie ni vitamini, na usimwambie ni dawa ya kuacha ujinga. Mwambie inasaidia kichwa chake kusubiri kidogo kabla mwili haujakimbia, na akifanya vizuri msifu yeye, usiseme "leo umekunywa dawa eeh", na akikosea usimuulize mbele za watu kama amekunywa.

Baada ya hapo

Akiendelea vizuri, NICE wanasema uzito upimwe kila miezi 3 kwa watoto wa miaka 10 na chini, urefu kila miezi 6, presha na mapigo kila dozi ikibadilika na kila miezi 6. Dai hayo, yasipofanyika yaombe. Mkiona mstari wa ukuaji unalala, ongeeni na daktari kuhusu kupunguza au kupumzika dawa wakati wa likizo. Na angalau mara moja kwa mwaka kaeni muulizane kama bado anaihitaji, ubongo wa mtoto wa miaka 5 sio ule atakaokuwa nao akiwa na 7. Daktari anaweza kupanga asimame wiki moja au mbili kwenye kipindi cha shule kilichotulia, sio wiki ya mitihani wala wiki amehama shule, na daftari linarudi mezani.

Na kama mmeamua kutompa kwa sasa, nao ni uamuzi halali kabisa hasa kwa mtoto wa miaka 4 au 5. Ila uwe na tarehe. Andikeni mtarudi kwa daktari lini, kabla ya miezi 3 kupita, na andikeni kitu gani kikitokea kabla ya hapo mtarudi mapema, mfano akiumia vibaya au akifukuzwa shule, alafu nakala ya karatasi hiyo mpeni mwalimu.